Kisiwa Nilichokijua kwa Kusikia

Wiki niliyostaafu, vijana wa kaunta walininunulia keki, wakanipigia makofi, kisha wakaniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi ilivyokuwa zamani. Nikawauliza zamani ipi. Wakasema ile ya kabla ya kompyuta, kama vile ni enzi za mawe. Haya basi. Nilipandishwa cheo lini na nikalipwa nini sitaandika, maana hayo hayamsaidii mtu ambaye abiria amesimama mbele yake analia. Nitaandika kuhusu miaka yangu ya kwanza, 1990 mpaka 1993, na zaidi kuhusu kisiwa kimoja kidogo cha Ghuba kiitwacho Bahareni, ambacho niliwauzia watu kwa miaka miwili kabla sijakikanyaga. Mwaka uliofuata una kurasa zake, na sitaki kuuchanganya na vicheko vya hapa.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na minne. Ofisi yetu ya tiketi ilikuwa Kigali, mjini kati, imebanwa katikati ya mpiga picha na duka la viatu. Mimi nilikaa Nyakabanda, kwa hiyo asubuhi napanda mjini, jioni nashuka nyumbani, na viatu vyangu vyote viliisha kisigino kabla ya soli. Siku ya kwanza nilivaa vile vizuri vya harusi ya dada yangu. Nilifika nimevishika mkononi.

Aliyenipokea ni Madamu Goreti, karani mkuu, mama wa Kikatoliki mwenye miwani iliyofungwa uzi, mtu wa maneno machache. Alinitazama miguu, akanipa ndala zake za akiba, akaniambia niketi. Wiki mbili nzima hakuniruhusu kugusa tiketi. Nilinoa penseli, nilifuta vumbi kwenye kitabu cha ratiba za ndege, kitabu kinene ambacho ukikiangusha mguuni unakwenda hospitali, na nilijifunza kusoma safu zake ndogondogo mpaka macho yakatoa machozi. Nilidhani ananidharau. Kumbe ndivyo alivyofundishwa na yeye.

Tiketi za siku zile ziliandikwa kwa mkono. Kilikuwa kijitabu chembamba chenye kurasa kadhaa, nyuma ya kila ukurasa kaboni nyekundu, na ulichokiandika juu kilitakiwa kisomeke mpaka chini kabisa. Ukiandika kwa mkono mlegevu, abiria anafika Nairobi na ukurasa mweupe. Ukikosea herufi moja ya jina, hufuti, unaharibu kijitabu chote na kwenda kujieleza. Vidole vyetu vilikuwa vyekundu kila siku. Nyumbani mama alidhani nimeajiriwa buchani.

Palikuwa na kisanduku kimoja kidogo kwenye tiketi, upande wa kulia. Ukiandika RQ, maana yake kiti tumekiomba, tunasubiri jibu. Ukiandika OK, maana yake kiti kipo, mtu aende. Jibu lilikuja kwa teleksi, mashine iliyokaa chumba cha nyuma ikipiga kelele kama cherehani yenye hasira. Madamu Goreti alikuwa na sheria moja tu ambayo ukiivunja hakusemeshi siku mbili: usiandike OK kwa sababu unadhani, wala kwa sababu unamwonea haya abiria, wala kwa sababu umechoka. Unaandika OK pale teleksi imesema. Niliishika sheria ile kwa kalamu. Kwa mdomo, ndiyo nawasimulia sasa.

Vita vilipoanza kule kaskazini mwishoni mwa 1990, barabara ya Kampala ikafungwa, na wafanyabiashara wetu wa Biryogo na Nyamirambo, ambao mali yao yote ilipitia huko, wakabaki wanatazamana. Vya Ghuba vilipotulia mwaka uliofuata, wakaanza kuuliza habari za Bahareni. Wamesikia kuna vitambaa, kuna dhahabu, kuna vipuri vya magari. Ofisi yetu iliuza tiketi za ndege iliyopitia huko kutoka Nairobi. Wa kwanza kuja alikuwa Mama Aziza, muuza vitambaa, mwanamke mwenye mabega ya kubeba robota na roho nyepesi ya kuogopa ndege. Aliuliza kama mwanamke aliye peke yake anaweza kwenda kule na kurudi salama. Nikamwambia anaweza. Akaniangalia vizuri.

"Wewe mwenyewe umefika?"

Madamu Goreti alikuwa chumba cha nyuma na teleksi yake. Nami nilikuwa msichana wa Nyakabanda ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Butare, kwenye msiba. Nikasema, "Nimefika, mara moja." Sijui lilitoka wapi. Mama Aziza alishusha pumzi, akatoa pasipoti. Nikajiambia nimemsaidia, na kweli alikwenda na kurudi na marobota yake. Lakini Nyakabanda ni Nyakabanda. Kabla ya Ijumaa nilikuwa nimeshaitwa Zubeda wa Bahareni, na kwenye harusi walinikalisha meza ya mbele nieleze.

Ningeeleza nini, kama si daftari la Madamu Goreti? Huu ulikuwa utaratibu wake na hakuna ofisi nyingine niliyoukuta. Abiria akirudi safari, kabla hajamaliza wiki, anakuja ofisini, anakaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, anapewa chai ya maziwa na mkate, na anasimulia alikotoka. Madamu Goreti alisema hakuna Mnyarwanda anayerudi ugenini asiulizwe amakuru, habari za huko, basi afadhali tuziulize sisi na tuziandike. Mimi ndiye niliyeandika. Anayefuata kwenda tunamsomea.

Mama Aziza alifungua ukurasa wa Bahareni. Alisema dhahabu sokoni imetundikwa madirishani kama mashuke ya mahindi darini, na wenye maduka wanakunywa chai tu wala hawaikodolei macho. Alisema ukitoka hotelini miwani inaingia ukungu papo hapo, joto lina maji ndani yake, lakini ukiingia dukani unatetemeka. Alirudi na mafua kutoka nchi ya moto, akaumwa siku tano, na hakutusamehe kwa kutomwambia abebe sweta. Toka siku ile kila aendaye Bahareni tulimwambia abebe sweta, na kila mmoja alitucheka mpaka aliporudi.

Akaja fundi magari wa Gikondo, aliyekwenda kutafuta vipuri. Yeye hakuona dhahabu wala soko, aliona daraja linalotoka kisiwani kwenda Saudia. Siku mbili alipanda gari na kulitazama. "Iko refu, dada, iko refu, unaenda tu, na mto haiko," aliniambia, na nikaandika hivyo hivyo. Kuna mwalimu mmoja aliyepita kule akienda masomoni, akapelekwa kuona mti unaoishi peke yake jangwani bila maji yanayoonekana. Wote waliokuwa naye walisema ni muujiza. Yeye alisema ni ukaidi, na kwamba anao wanafunzi wa namna hiyo. Mwingine alilalamika kuwa siku tisa hakuona haragwe. Mwingine alistaajabu kwamba mvua hakuna na hakuna anayeizungumzia. Na kuna mfanyabiashara wa viatu, mtu mnene wa kilima cha Rebero, ambaye sentensi yake ilituchekesha wote mpaka nikaipigia mstari: siku nne nzima sikuhema hata mara moja.

Basi daftari likajaa, nami nikalimeza lote. Nilikuwa naweza kukutembeza Bahareni umefumba macho. Abiria aliniuliza kuhusu joto, nikamwambia miwani yangu iliingia ukungu, na mimi sikuwa na miwani. Nilifika mahali pa kuamini kidogo. Uongo ukikaa na mtu miaka miwili unapata kiti chake nyumbani, na humwambii tena aondoke.

Mwishoni mwa 1992 akaja Mzee Sadiki. Huyu alikuwa fundi cherehani wa Nyakabanda, nyumba nane kutoka kwetu. Babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kunyooka, cha zamani. Nguo zangu zote za Idi tangu utotoni ni mkono wake. Alikuwa anakwenda Umra, wanawe walikuwa wamechangishana, na aliomba jambo moja la ajabu: wakati wa kurudi kutoka Jeddah apitishwe Bahareni, hata kama njia ni ndefu. Nikamuuliza kuna nini Bahareni. Akatoa barua mfukoni, akaisoma kwa sauti, Madamu Goreti naye akisikia.

Dada yake mdogo, Bi Mwanaidi, aliolewa na Mwarabu aliyekuwa na duka hapa mjini, na mume alipoondoka na biashara yake wakaondoka wote. Wakati huo Bi Mwanaidi alikuwa na miaka kumi na saba. Ilikuwa imepita karibu miaka arobaini. Barua zilikuja moja kwa mwaka, nyingine hazikuja. Sasa alikuwa mjane, anaishi Muharraq, upande ule ule wa uwanja wa ndege. Mzee Sadiki alikuwa ameandika kumwambia anakuja, na jibu lilikuwa halijafika. Alichokuwa nacho ni sanduku la posta, ambalo halina mlango wa kubisha, na barua ya zamani ambamo dada alieleza nyumba ilipo: ukitoka msikiti mdogo wenye mlango wa kijani, panda mpaka kwenye tanuri la mkate, kisha shuka mkono wa kuume, mlango wa tatu.

Nilimtengenezea safari nzuri, najisifu. Ndege inatua Bahareni saa mbili asubuhi. Kibali cha kutoka uwanjani tulikiomba kwa teleksi na kikajibiwa. Saa tatu yuko nje. Anatakiwa awe amerudi saa tisa alasiri. Masaa sita ya kukaa na dada yake, baada ya miaka arobaini, na kwa umri wao hakuna aliyejidanganya kwamba yatakuja mengine. Niliandika OK kwenye visanduku vyote, na kila OK ilikuwa na karatasi yake ya teleksi.

Halafu akauliza, kwa adabu, maana mimi nimefika huko, kama maelezo ya dada yanaeleweka. Ningeweza kusema mzee, sijui. Maneno mawili tu. Badala yake nilinakili barua ile kwa mwandiko wangu mzuri kwenye karatasi safi, nikampa. "Ni karibu sana," nikamwambia. "Dakika kumi kwa miguu. Fuata karatasi tu, wala usiulize mtu, watakuzungusha bure wakikuona mgeni." Akaikunja karatasi, akaiweka pamoja na pasipoti. Alinishukuru mpaka nikaona haya, lakini haya zenyewe hazikunifungua mdomo.

Siku ambayo alitakiwa kuwa Bahareni, niliamka nina furaha kama anayekwenda ni mimi. Asubuhi ile alikuja mteja wa Kagugu aliyetaka kwenda Bahareni, akauliza abebe viatu gani. Madamu Goreti akafungua daftari, akaweka kidole, akamsomea: siku nne nzima sikuhema hata mara moja. Mteja akacheka. Madamu Goreti hakucheka. Alirudi juu ya ukurasa, akasoma tena kimyakimya, kisha akavua miwani.

"Zubeda," akasema, "hii nchi mlima haiko. Mzee anapanda wapi?"

Nataka mnielewe, nyinyi mliozaliwa hapa. Mtu wa Kigali hasemi nenda kushoto. Anasema panda, anasema shuka, na mguu wako wenyewe unajua. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba mtu mnene hakuhema siku nne, yaani kisiwa kile ni tambarare kama meza, nikaipigia mstari sentensi hiyo, nikaicheka, kisha nikanakili panda na shuka za Bi Mwanaidi na hazikunigonga popote. Wala Mzee Sadiki hazikumgonga. Sisi sote watatu tulikuwa watu wa kilima kimoja. Na mimi nilikuwa nimemkataza kuuliza.

Nilikaa chini. Nikamwambia Madamu Goreti kwamba sijawahi kufika Bahareni. Akasema hilo hapa ofisini tunalijua wote, mzee ndiye hajui. Akanivuta mkono mpaka chumba cha nyuma, tukapiga teleksi kwa watu wa ndege kule uwanjani, tukawaomba wamtafute abiria mzee mwenye kofia nyeupe. Jibu lilikuja mchana. Abiria ametoka uwanjani saa tatu kasoro, hatuna habari zaidi. Ile karatasi niliishika mpaka wino ukaingia vidoleni. Siku mbili zilizofuata nilikosea tiketi tatu, na kila nikifumba macho namwona Mzee Sadiki na kofia yake amesimama juani anatafuta mpando.

Siku ya tatu aliingia ofisini, kanzu imepigwa pasi, ana boksi la halwa mkononi. Hakungoja wiki iishe. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, akaketi, akauliza chai iko wapi. Nikaileta. Sahani ya mkate nikabaki nayo mkononi. Mama Aziza alikuwepo, wateja wengine wawili walikuwepo, na wote wakavuta viti.

Alisimulia akicheka. Msikiti wa mlango wa kijani aliupata mara moja, alisema, karatasi ilikuwa kweli tupu. Kisha akatafuta pa kupanda. Akatazama kulia, barabara imelala. Kushoto, imelala. Akaona pengine mteremko wa huko ni mdogo, hauonekani ila kwa mguu, basi akatembea polepole akiusikiliza mguu. Alikwenda mpaka akaona bahari. Akarudi msikitini, akaanza upya upande mwingine, akaona bahari tena. Jua likapanda, kofia ikalowa, na kila walipomtazama watu akaificha karatasi, maana aliambiwa asiulize. Akachungulia matanuri manne ya mkate. Kila moja alijiuliza, je, hapa nimepanda?

Mwishowe miguu ikakataa. Akaketi kwenye ngazi ya muuza halwa, mzee wa pale ambaye utoto wake ulikuwa Unguja na Kiswahili hakijamtoka. Yule akampa maji. Mzee Sadiki, kwa kukata tamaa, akavunja amri yangu, akanyoosha mkono kwenye ile barabara iliyolala, akauliza kama kule ndiko kupanda au ndiko kushuka.

"Akanitazama," Mzee Sadiki alisema, "akaweka kijiko chini. Akaniambia, bwana, kisiwa hiki chote kina mwanamke mmoja tu anayepanda na kushuka. Kila Alhamisi anashuka kwangu kununua halwa, na tumemcheka miaka ishirini. Wewe ni nduguye?"

Ofisi nzima ilipiga makofi. Mama Aziza alijifuta macho kwa kitambaa cha bei. Mzee Sadiki alisema muuza halwa alifunga duka, akamshika mkono, akampeleka. Bi Mwanaidi alifungua mlango akiwa na unga mikononi, na wakashikana kabla hata ya salamu. Alikuwa amekuwa mfupi, alisema, dada yake alikuwa msichana mrefu. Katika kuagana akatoa futi yake ya cherehani mfukoni, fundi hasafiri bila futi, akampima, mabega, kiuno, mikono, ili amshonee gauni huku Kigali na alipate na mtu anayekwenda.

Kisha akanigeukia. "Saa saba ndipo nilipomwona, na saa tisa nilikuwa uwanjani," akasema. "Ni uzee, mwanangu. Karatasi yako ilikuwa sahihi, mimi ndiye macho yamekwisha na miguu haisikii tena. Gauni likiwa tayari utanisaidia kumpata wa kulipeleka, wewe unayeijua njia."

Kama angenikaripia ningeweza kuvumilia. Lakini alikuwa amekaa pale mbele ya watu anailaumu miguu yake, miguu iliyokanyaga cherehani miaka arobaini tukavaa sisi. Niliweka sahani mezani.

"Mzee," nikasema, "mimi sijawahi kufika Bahareni."

Akatabasamu, akidhani ni mzaha. "Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Mama Aziza alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Mzee Sadiki akanywa chai yake yote, taratibu, akaweka kikombe. "Nilitoka uwanjani saa tatu," akasema. "Ungeniambia hujui, ningemuuliza wa kwanza kukutana naye mlangoni. Masaa manne, Zubeda." Akachukua kofia yake, akamuaga Madamu Goreti kwa jina, akatoka. Halwa aliiacha. Siku ile hakuna aliyeila, na mimi hadi leo halwa hainipandi vizuri.

Jina la Zubeda wa Bahareni lilibaki, ila sasa lilitamkwa kwa kicheko cha namna nyingine, na nilistahili. Nilipita dukani kwa Mzee Sadiki kila jioni kwa wiki tatu. Aliitikia salamu, maana Mwislamu haachi salamu bila jibu, lakini hakuinua macho kwenye sindano. Madamu Goreti hakunipa pole. Alinipa kazi. Kila nilipomhudumia abiria yeye alisimama nyuma yangu, na aliposikia nikisema "sijui, ngoja niulize" alirudi mezani kwake. Nilishangaa namna watu wanavyolipokea neno lile. Hakuna aliyeondoka. Wengine waliketi vizuri zaidi.

Wiki ya nne Mzee Sadiki alikuja ofisini na kifurushi cha karatasi ya khaki. Hakuketi.

"Gauni hili halipelekwi na mtu mwingine," akasema. "Utalipeleka wewe. Utakaa na dada yangu masaa manne, yale yangu. Si matatu. Na akikuuliza jambo usilolijua, useme hujui."

Nikamwambia mzee, mimi sina uwezo wa tiketi ile. Madamu Goreti akasema kwa sauti, bila kuinua kichwa kwenye ratiba, kwamba kila mwaka watu wa ndege huipa ofisi tiketi moja ya wafanyakazi, na kila mwaka anakwenda mke wa patron, bosi wetu, na mwaka huu mke wa patron amechoka. Sijui alimwambia nini patron. Najua alikaa naye kwa mlango uliofungwa, na alipotoka alinipa kijitabu kitupu akaniambia niandike mwenyewe. Niliandika jina langu kwa herufi kubwa, nikaegemeza kalamu mpaka ukurasa wa mwisho. Kwenye kisanduku niliandika RQ, nikaenda kukaa kando ya teleksi kusubiri.

Nilikwenda katikati ya 1993, na sweta. Mlango wa ndege ulipofunguliwa joto lilinijia usoni na nikacheka peke yangu, maana lilikuwa vile vile walivyosema, lina maji ndani. Dhahabu niliiona. Daraja niliambiwa liko upande wa pili, nikalisamehe. Lakini hakuna hata mmoja katika abiria wangu wote aliyenitajia harufu ya mkate wa asubuhi, ilivyojaa vichochoro vyote vya Muharraq, wala paka wanaolala juu ya magari, wala namna anga la kule lilivyo kubwa ukiwa umezoea vilima kuliziba. Nilisimama nikaona sijui chochote. Na hapo mlangoni pa uwanja nikamuuliza wa kwanza niliyekutana naye, askari mwenye masharubu, kisha nikamuuliza wa pili, na wa tatu akanifikisha.

Bi Mwanaidi alikuwa mama mfupi, mwepesi, mwenye macho ya kaka yake. Nilipotaja Nyakabanda alinivuta ndani kwa mikono miwili. Nilimweleza kilichonileta, chote, na uongo wangu pia, kwa sababu sikutaka kukaa kwenye masaa yale kwa jina lisilo langu. Alinisikiliza, kisha akauliza kama nimekula.

Akafungua kifurushi, akaingia chumbani, akatoka amevaa. Lilikuwa gauni la buluu lenye mshono ule ninaoujua. Lilimkaa mabegani barabara, ila mikono ilizidi, ikafunika mpaka vidole, na chini likaburura. Nikashtuka. Mzee Sadiki hajawahi kukosea mkono wa nguo tangu nimjue, na vipimo alivichukua mwenyewe. Bi Mwanaidi alijitazama kwenye kioo, akainua mikono ile mirefu, akaanza kucheka huku anatokwa na machozi.

"Hivi ndivyo alivyonishonea zote," akasema. "Anaacha ziada. Bado anadhani nitakua."

Tukaketi mkekani. Alinipikia wali na samaki, na aliniuliza. Je, kisima cha akina fulani bado kipo? Nikasema sijui. Ule ukuta mwekundu wa karibu na msikiti? Huo upo, naupita kila siku. Nani alimuoa rafiki yake Zaina? Sijui, bibi, lakini nitauliza. Kila "sijui" aliitafutia karatasi, akaiandika, nimpelekee kaka yake ajibu. Mwanzoni nilikuwa natazama saa ya ukutani kila dakika, nahesabu kwa ajili ya Mzee Sadiki. Kisha akaanza kunisimulia yeye, jinsi kaka yake alivyomfundisha kutunga uzi kwenye sindano gizani, jinsi walivyogombana siku ya harusi yake kwa sababu hakutaka aondoke, na jinsi hakumuaga.

Nilipokumbuka kuitazama saa tena, nilikuwa nimekaa masaa matano. Manne yalikuwa ya Mzee Sadiki, moja lilikuwa langu.